Mama Futi Aonyeshwa Moyo Wake

Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, maana futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda kununua mkate. Alikuwa fundi cherehani wa magauni ya harusi, na chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu la kaka yake. Akishakaa kitini asubuhi, kuinuka ni mpaka jua lizame. Chakula kilimfuata hapo hapo: viazi vya kukaanga vilivyonyunyiziwa chumvi mpaka vinameta, na soda ya kuvisukumia. Kidonge cha presha alikimeza kichwa kikimgonga, kisipomgonga, alikisahau.

Siku moja alikuwa amepiga magoti akibana pindo la gauni la bibi harusi. Aliposimama, pumzi ikamkatika. Kifua kikabana, jasho jembamba likamtoka. Alitaka kusema yuko sawa, sauti ikagoma. Bibi harusi, gauni lenyewe bado lina mkono mmoja, akamdaka kwapani huku akipiga kelele dirishani. Kaka yake akapanda ngazi mbio, kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi.

Hospitalini walimpima hiki na kile. Hakuwa amepata shambulio la moyo, ila presha ilikuwa imepaa vibaya. Daktari, mwanamke kijana wa rika la binti yake, akampaka jeli ya baridi kifuani, akapitisha kifaa kidogo, kisha akamgeuzia skrini.

"Tazama, mama."

Katika giza la ile skrini kitu kilikuwa kinacheza. Kinajikunja, kinajikunjua. Ndani yake vijipazia vyembamba kuliko shela yoyote aliyowahi kushona vilifunguka na kufunga, vikafunguka tena.

"Ni nini hicho?"

"Ni moyo wako."

Mama Futi akasogeza uso karibu na skrini.

"Na huu moyo unapumzika saa ngapi?" akauliza.

"Unapumzika kidogo sana kati ya pigo na pigo. Basi. Ulianza kupiga wewe ungali tumboni mwa mama yako."

Machozi yakamtoka bila kilio. Miaka yote hiyo amelala, amegombana, amecheka, amezaa, na huyu mtumishi yumo ndani anachapa kazi, hajawahi hata kuambiwa asante!

Daktari akamwonyesha ukuta wa upande mmoja wa moyo. Ulikuwa umenenepa kwa kusukuma damu dhidi ya presha kubwa. Dawa zingesaidia, akasema, lakini anywe kila siku, apunguze chumvi na mafuta, aachane na soda, na atembee.

Kaka mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoa mfukoni chupa ya vidonge vya vitamini. "Na hizi je, daktari? Nasikia zinasafisha moyo."

"Anayepungukiwa na vitamini fulani tutampa. Lakini hakuna kidonge cha vitamini kitakachofanya kazi ya mboga, matunda, maharage na miguu."

Kaka akairudisha chupa mfukoni taratibu, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe.

Nyumbani mpishi alikuwa mume wake, mchora mabango, mtu wa maneno mengi. Alipoambiwa habari ya chumvi akaguna, "Huyo daktari naye anatia chumvi."

"Wewe ndiye unayetia, baba watoto! Yeye anaitoa."

Wakacheka wote wawili. Akabadilisha mapishi, akatumia ndimu, kitunguu saumu na nyanya. Siku za mwanzo chakula kilikuwa hakina ladha hata kidogo. Mama Futi alitafuna akiwa amekunja uso, mpaka siku moja akasimama na kijiko mdomoni. Karoti ilikuwa tamu. Karoti tupu! Akamwita mumewe aje aonje, kana kwamba ndiye aliyeigundua.

Kutembea kulianza kwa aibu. Yeye na mumewe waliishia kwenye kona, akahema, wakageuka. Kesho yake, kona tena. Baadaye wakaivuka. Cherehani nayo akawa anaiacha kila mara, anashuka ngazi na kupanda, wateja wakidhani amesahau kitu. Aliporudi hospitalini miezi mingi baadaye, presha ilikuwa imetulia, na daktari akamwambia ukuta wa moyo umeanza kupungua unene. Mama Futi akaomba arudie hilo neno. Hakujua kwamba nyama ya ndani ya mtu, iliyoumia kimyakimya, inaweza kujirekebisha hivyo.

Jumapili iliyofuata walipanda kilima cha nyuma ya mtaa, mpaka kwenye tangi la maji, mahali ambapo tangu wahamie walikuwa wanapatazama tu kwa mbali. Juu kule Mama Futi akaketi kwenye ukuta mfupi kando ya tangi, akaweka vidole shingoni kama alivyofundishwa. Moyo ulikuwa unadunda kwa nguvu. Kisha, bila yeye kufanya lolote, ukaanza kupunguza mwendo. Polepole. Polepole zaidi.

"Vipi, umechoka?" mumewe akauliza.

"Shh," akasema. Akamshika mkono, akamwekea vidole pale pale shingoni. "Sikia unavyotulia wenyewe."

Mchora mabango akasikiliza. Kisha akapeleka vidole vya mkono wa pili shingoni mwake mwenyewe, akautafuta wa kwake.