Breki za Lori la Okumu

Enzi zetu Busia, miaka ya sitini, mtoto wa fundi alijulikana kwa harufu. Tulinuka mafuta ya breki hata kanisani. Raba kuukuu alizotupa baba ndizo zilizokuwa vichezeo vyetu, na shuleni tulichapwa kwa kucha nyeusi, kisha tukarudi nyumbani kula ugali wa wimbi na mihogo bila kumlalamikia mtu. Watoto wa siku hizi wakiguswa na grisi kidogo tu, wanataka kupelekwa hospitali.

Baba alisifika kwa masta silinda. Ni kile kichuma ambacho dereva akikanyaga breki, kinasukuma mafuta hadi magurudumuni. Leo kikiharibika wanakitupa, wananunua kingine. Baba alikifungua, akakisugua kwa msasa, akatia raba mpya. Halafu alikuwa na desturi yake: anasimama katikati ya njia, mikono nyuma, dereva amjie na lori kwa kasi na kufunga breki mbele yake. Mama aliichukia sana desturi hiyo. Lakini madereva hawakukubali kuondoka kabla mzee hajasimama.

Okumu alikuwa dereva wa lori la pamba. Kila akitoka Malaba alituletea ndizi mbivu, na mimi aliniita fundi mdogo. Nilimpenda. Siku moja breki zake zikalegea, na raba mpya hazikupatikana mji mzima. Baba akataka lori lingoje. Tajiri mwenye lori akasema lisipotoka siku hiyo, malori yake yote yatahamia kwa fundi mwingine. Baba akazirudisha raba zile zile. Kingo zilikuwa zimepasuka, niliziona kwa macho yangu.

Okumu alikuwa ameenda kula, kwa hiyo tajiri mwenyewe akashika usukani kulijaribu lori. Baba akasimama mahali pake, akalitazama, kisha akajitoa kando. Lori likapita pale pale alipokuwa, likaja kusimama mbele huko. Baba akaongeza mafuta ya breki, akafunga boneti. Okumu aliporudi, aliuliza kama kawaida.

"Mzee, umesimama?"

"Nimesimama," baba akasema, huku akinitazama mimi.

Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Okumu hakufika Malaba. Lori lilimshinda mteremkoni, likaenda naye mpaka chini. Watu wakasema ajali haina kinga. Baada ya matanga mjane wake akaja kumshukuru baba, eti mumewe alimsifu mpaka siku ya mwisho. Baba akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. Nilimchukia siku ile, na tulipomzika miaka mingi baadaye, chuki hiyo ilikuwa bado haijanitoka.

Siku hizi wenzangu wa rika langu tukikutana, kazi ni kuwasema vijana: mafundi wa leo matapeli, wa zamani neno lao lilikuwa neno. Kisha wananigeukia mimi, binti wa fundi mwenyewe, wakitaka niseme kama si kweli.

Nawaambia ni kweli.