Kompyuta Bubu ya Ngosha

Ngosha Luhende haoni tangu surua ilipomshika akiwa mchanga, na sisi majirani zake hapa mlimani Buzuruga tuliamini kwa miaka mingi kwamba kazi yake ni kusikiliza redio. Tuna macho sisi, ila kuyatumia ni jambo jingine. Redio gani hurudia sentensi ile ile mpaka mpita njia akachoka? Kumbe mtu alikuwa kazini. Ofisi moja ya utafiti kule Mirongo ilimletea sauti za wakulima na wafugaji waliohojiwa vijijini, naye akazisikiliza kwa sikio moja na kuzigeuza maandishi. Sikio la pili lilikuwa la kompyuta, iliyomsomea kila alichoandika. Ilisoma kwa ulimi wa Kizungu, mbio mbio kama dalali wa mnadani, na Kiswahili ikakitafuna hadi kisitambulike. Aliyepita dirishani alisikia makelele tu.

Hata kaka yake, Machibya, hakuelewa. Machibya anafuga ng'ombe huko Magu, na ni mwema kiasi cha kukera. Yeye aliamini kwamba Evelina, mke wa Ngosha, ndiye anayeandika, na mumewe anakalishwa pembeni asijisikie mzigo.

Basi Alhamisi ile kompyuta iligoma kuwaka. Mfumo wake wa zamani ulikuwa umeharibika, na fundi akataka kukaa nayo mpaka wiki inayofuata, wakati kazi ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Sauti zenyewe zilikuwa salama kwenye kadi ya kumbukumbu, lakini bila mashine ya kumsomea zilimsaidia nini? Evelina alimsihi apige simu ofisini aeleze. Alikataa.

"Nikisema mashine imekufa, watasema tulijua tu, kipofu yule," alisema.

Habari zikamfikia Machibya, naye akatoa uamuzi. Jumapili angekuja na pikapu awahamishie kwake. Maziwa yapo, chakula kipo, na kiti cha Ngosha kimeshawekwa kivulini. Ngosha alikiogopa kiti hicho kuliko kaburi. Alimwambia mkewe wazi kwamba akikikalia, hatanyanyuka tena mpaka wambebe.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alimpigia Okwach, rafiki yake wa Musoma waliyesoma naye shule ya wasioona. Okwach naye haoni, na kompyuta yake inatumia Linux, mfumo wa bure ambao una programu yake ya kusoma maandishi kwa sauti ndani. Aliuweka kwenye flashi, akaifunga ndani ya soksi na kuikabidhi kwa kondakta wa basi. Jumamosi Evelina akaipokea stendi.

Kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa na watu watatu wa kuhurumiwa: kipofu mmoja Buzuruga, kipofu mwingine kwenye spika ya simu, na mwanamke mwenye macho mawili mazima asiyejua Kiingereza. Okwach alielekeza, Ngosha akabonyeza, Evelina akatazama. Linux iliingia vizuri kabisa. Ila haikusema. Walipandisha sauti, wakachomeka spika za masikioni, wakazima na kuwasha. Kimya. Wakaifuta na kuiweka upya. Kimya. Kompyuta isiyotoa sauti, kwa Ngosha, ni bamba la plastiki.

"Shemeji, ikiwaka kuna maandishi yoyote ya ajabu?" Okwach aliuliza kila mara.

"Hapana," Evelina alijibu. "Inaendelea vizuri."

Jumapili walipotoka kanisani pikapu ilikuwa imeshafika. Ngosha alimwamkia kaka yake, "Shikamoo kaka," akaitikiwa marahaba, na hapo hapo Machibya akaanza kufunga godoro kwa kamba. Ngosha alirudi mezani. Alibonyeza vibonye vile vile alivyobonyeza jana. Nyuma yake kamba ilisuguana na godoro, na kila mkazo wake aliusikia.

"Evelina, imeandika nini?"

"Inaendelea vizuri, Baba Kija."

Vidole vya Ngosha vikasimama.

Mtu wa mbali aelezwe jambo hili. Huku kwetu habari mbaya haitupwi usoni. Aliyefiwa akiwa mbali huambiwa mgonjwa wake anaendelea vizuri, ila aje nyumbani, na hujua ukweli anapokuta turubai limefungwa uani. Ndivyo Ngosha alivyoitwa mama yake alipofariki, na aliyempigia simu siku ile alikuwa Evelina. Sauti aliyotumia ilikuwa hii hii, laini, yenye kushuka mwishoni.

"Hivyo ndivyo ulivyoniambia kuhusu mama," Ngosha alisema. "Uliniambia anaendelea, na alikuwa ameshaoshwa. Nani amekufa humo ndani?"

Evelina akaanza kulia. Tangu jana kulikuwa na mstari mwekundu uliopita kila kompyuta ilipowaka, na neno moja ndani yake alilifahamu vizuri mno. Lilikuwa lile neno la Kiingereza la kufeli. Alilikuta kwenye matokeo yake ya kidato cha pili, likawa mwisho wa shule. Angemsomeaje neno hilo mume aliyekuwa hajala tangu jana?

"Usinitunze kama mfiwa," Ngosha alisema, na sasa alikuwa amekasirika. "Mimi ndiye ninayehamishwa kama kabati. Nisomee herufi. Moja moja."

Waliiwasha tena. Evelina alipiga picha mstari kwa simu yake, akampigia Okwach kwa simu ya mumewe, akafuta macho na kusoma. Efu, a, i, eli, e, di. Halafu yakafuata mengine marefu, na katikati yake esi, o, efu.

Okwach alimwomba arudie herufi hizo tatu za mwisho.

"Shemeji," Okwach alisema, "mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo esi, o, efu ndiyo niliyoitafuta tangu jana, ni ya sauti. Kifaa cha ndani kinachotoa sauti kwenye mashine hiyo kinadai faili lake, na kwenye flashi niliyowapa halimo. Mashine haijafa. Imeomba kitu na hakuna aliyeisikia."

Evelina alichomeka simu yake kwa waya ili kompyuta ipate intaneti. Okwach alitaja amri, Ngosha akaandika, Evelina akasoma herufi kwa herufi, mabaya kwa mazuri. Mara ya kwanza ilikataa, na safari hii akasema imekataa. Walikuwa wameruka nafasi moja kati ya maneno. Wakarudia. Nje Machibya alipiga honi kwa upole, akimaanisha jua linakwenda.

Wakazima. Wakawasha. Ngosha aliweka mikono miwili juu ya meza, akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri hukumu.

Kompyuta ikasema. Ilikuwa sauti kavu, kama ya mtu mwenye mafua, lakini ilisema Kiswahili. Okwach alikuwa ameipanga hivyo bila kumwambia. Ngosha alishika mdomo wake na machozi yakapita katikati ya vidole. Kisha, kwa haraka ya mtu aliyechelewa, akafungua barua pepe.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa, kutoka kwa Bi Sabina, msimamizi wake. Machibya alikuwa ameshaingia kuchukua meza. Wote walisikia.

"Ndugu Luhende, tumekuomba uthibitishe kama utamaliza. Hujajibu. Kazi hii tumempa mtu mwingine."

Sauti ile haikushuka mwishoni. Haikumtunza mtu. Evelina aliketi sakafuni, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sufuria lao nililokuwa nimeazima nilitamani ardhi inimeze. Machibya aliguna kwa huruma, akashika ukingo wa meza.

"Basi, mdogo wangu. Mungu hajapenda. Twende."

"Subiri kaka. Sijamjibu."

Ngosha akaanza kuandika, na kompyuta ikasoma kila neno lililotoka vidoleni mwake, kwa Kiswahili, chumba kizima kikisikia.

"Bi Sabina. Mashine yangu ilinyamaza. Niliona aibu kuwaambia. Sasa inasema. Nilikuwa nimefikia mzee wa Kwimba anayeeleza ukame. Kama aliyepewa atashindwa Kisukuma cha mzee huyo, nirudishieni. Kama ameweza, nipeni nyingine. Mimi nipo Buzuruga. Sijahama."

Evelina hakugusa kibonye hata kimoja. Mikono yake ilikuwa imefunika uso. Machibya alimtazama yeye, akatazama vidole vya mdogo wake, akarudi kumtazama yeye tena.

Ngosha alituma ujumbe, akabaki ameinama, bila kujua kama atajibiwa. Nyuma yake alisikia hatua za kaka yake zikitoka mezani kwenda kwenye godoro. Alikaza mabega akisubiri kulisikia likiburutwa. Alichosikia ni kamba ikifunguliwa, fundo moja baada ya jingine.