Cucu Samaki na Mwili wa Mama Ireri

Chekeni mkitaka, nimeshachekwa na watu kuanzia Embu mjini hadi kule kwetu juu kwenye majani chai, kwa hivyo nyinyi hamtakuwa wa kwanza, lakini nawaambia mimi bado nina hasira, na nusu ya hiyo hasira ni ya kujikasirikia mwenyewe, kwa sababu mjukuu aliyefanya nyanya yake aagwe na mwili wa mwanamke mwingine (kwenye picha, tulieni) ni mimi, Wawira, mwenye diploma.

Cucu, mama mzazi wa baba yangu, hakuwa mtu wa kuwekwa ndani ya boksi. Wakati bwawa la Kiambere lilipokuwa likijengwa alikuwa tayari mjane mwenye wajukuu, na siku moja akamkabidhi mwanawe mkubwa, Anko Nyaga, ufunguo wa stoo ya kahawa, akashuka kule kwenye joto kuwapikia wajenzi chai. Alisema ni miezi miwili. Alikaa miaka! Aliporudi alikuwa anavaa suruali na gambuti, ananuka samaki, na ameshafundishwa na wazee wa Kimbeere wa huko kutupa nyavu, na hapo mjue kwetu siku hizo samaki alihesabiwa pamoja na nyoka. Kanisani alikaa nyuma na kuimba kwa sauti kuliko kwaya nzima, maneno akijitungia. Mama Ireri, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alikataa kumpa sare hadi aache suruali, naye Cucu akamwambia abaki na sare yake.

Picha yake nzuri ilikuwa moja tu. Amesimama kando ya maji kule Kiambere, suruali imekunjwa hadi magotini, kofia ya kiume kichwani, tilapia mkubwa mkononi, na amecheka mdomo wazi hadi pengo la meno mawili linaonekana. Mwaka mmoja kabla hajafa alinipa.

"Wawira, siku yangu ikifika uweke hii. Watu wangu wa huko chini wanijue."

Nikasema sawa, Cucu. Hilo lilikuwa jambo pekee aliloniomba maishani, jameni, jambo moja tu.

Sasa Cucu akafa, na Anko Nyaga, ambaye ni mzee wa kanisa na hupenda sana kuonekana hivyo, akaitazama ile picha kana kwamba yule samaki atamrukia. "Mamangu hawezi agwa na samaki kwa mkono. Wageni wataonaje?"

"Lakini Anko, alisema..."

"Alisema mengi. Peleka kwa mtu wa picha amvalishe sare ya akina mama."

Hapo ndipo nilipaswa kukataa. Nikasema sawa tena (sawa yangu ni rahisi kama maji ya mfereji), nikaenda mjini saa ya lanchi.

"Madam, kichwa iko sawa, sasa nipee mwili," fundi wa picha akaniambia.

Nikatafuta kwenye simu, nikapata picha ya harusi ya binamu yangu, na ndani yake Mama Ireri amesimama wima na sare yake, mkono wa kushoto juu ya Biblia. Nikajiuliza, nani atajua mwili usio na kichwa? Nikampa.

"Na hii mdomo? Huyu amecheka sana kwa mtu ameaga."

Nikaangalia saa, dakika za kurudi ofisini zilikuwa zinaisha. "Ufunge," nikamwambia. Akaufunga kwa kompyuta, pengo likapotea, kicheko kikapotea, akabaki mama fulani mwenye huzuni ambaye hata mimi sikumjua.

Siku ya mazishi picha kubwa ilibandikwa langoni, chini yake jina Eunice, jina la ubatizo ambalo hakuna aliyewahi kumwita nalo, na nyingine ikawekwa ndani ya fremu ya kioo kando ya jeneza. Anko alitembea huku na huko kama bwana harusi. Wasifu wake ukasomwa kwamba marehemu alikuwa mpole na mnyenyekevu, watu wakaanza kutazamana. Mpole! Cucu, ambaye aliwahi kumfukuza karani wa kahawa kwa mwiko hadi barabarani!

Kisha Mama Ireri akaitwa aseme machache kwa niaba ya akina mama. Akasimama mbele, akarekebisha miwani, akaitazama ile fremu. Akainua mkono wake wa kushoto, akautazama, akaitazama picha tena, na mimi pale kwenye kiti changu nikakumbuka kitu ambacho kila mtu kijijini anakijua, kwamba kidole kidogo cha Mama Ireri kilikatwa na mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, na kisiki chake kilikuwa pale pale juu ya Biblia, kimetulia.

"Uui! Pasta! Hii mkono ni yangu!" akapiga nduru. "Mnanizika nikiwa hai?"

Akaishika fremu, Anko naye akaishika upande wa pili. "Mama, tuheshimu marehemu."

"Marehemu gani? Kutoka shingo kwenda chini marehemu ni mimi!"

Hema lote likaangua kicheko, kioo kikapasuka, pasta akajificha uso kwa Biblia, naye Anko Nyaga, mtu aliyenituma kwa mdomo wake mwenyewe, akageuka mbele ya umati akanyoosha kidole: "Ni Wawira alienda kwa mtu wa picha!"

Nikapewa kipaza sauti nijieleze. Ningelia tu ningeonewa huruma, lakini wapi, nikasema, tena kwa adabu kabisa: "Mama, pole, nilidhani bila kichwa hakuna mtu angekujua." Kuna vijana ambao hadi leo wakiniona sokoni hunisalimia kwa maneno hayo.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Jioni, wageni wakitawanyika, mama wa kibanda cha langoni, mgeni kijijini ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi, akaniletea kifurushi cha gunia.

"Asubuhi kulikuja wazee watatu na pikapu, wametoka Kiambere. Wakaangalia hiyo picha, wakasoma jina, wakaniuliza kama kuna matanga ingine karibu, ya mtu anaitwa Cucu Samaki. Nikawaambia huyo simjui. Wakazunguka weee, wakarudi kwao. Walisema nikipata wenyewe niwape hii."

Nikafungua. Samaki wakavu, wamepangwa vizuri. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia jinsi ambavyo sikulia hata kaburini.

"Hizo zisiingie kwa nyumba," Anko akasema.

Niliziingiza. Nikazichemsha zote jikoni kwake bila kumwuliza, harufu ikajaa hadi sebuleni, na wa kwanza kuleta sahani alikuwa Mama Ireri, ambaye alikula vipande viwili akiwa amenipa mgongo, kwa sababu hajanisamehe, na ana haki.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Kiambere na ile picha ya samaki mkobani. Nikampata mmoja wa wale wazee akishona nyavu. Aliishika picha, na kabla sijasema neno akacheka, mdomo wazi, vilevile kama Cucu, akawaita wenzake waje waone.

"Ndiye huyu! Sasa mlimzika wapi? Tulitafuta boma yake siku mzima."

Ilibidi nimwambie kwamba ni palepale, ndani ya lile lango walipomuulizia.

Akaacha kucheka. Akanirudishia picha polepole, akarudi kwenye nyavu zake, na hakuna maneno ya Anko wala ya Mama Ireri yaliyowahi kuniuma kama kule kurudishiwa picha.

Kwa hivyo kiapo changu ni hiki: marehemu akisema weka hii, mimi naweka hii, hata akiwa amepanda punda na ametoa ulimi. Na picha yangu nimeshaichagua, nacheka, na nimeiandika nyuma kwa kalamu isiyofutika kwamba asiguse mtu. Atakayenifunga mdomo nitamrudia usiku, na nitakuja na Cucu.