Daktari Aliyetafutwa na Yule wa Kwanza

Mtaani kwetu walimwita Vidole, kwa sababu alikuwa msusi na mikono yake ilikwenda mbio kuliko mdomo wake, na mdomo wenyewe haukuwa mvivu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu mrefu, mpole, mwenye vitone vya rangi kwenye kope hata siku ya mapumziko. Vidole alimpenda kwa wivu. Aliwaonea wivu wenye nyumba waliompa chai, na hata simu yake ikiita mara mbili, lakini hao wote walikuwa cha mtoto. Donda lake hasa lilikuwa mke aliyemtangulia. Hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita yule wa kwanza, basi.

Yule wa kwanza alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya macho. Yeye na Fundi waliachana kabla Vidole hajamfahamu mume huyo, wakiwa na binti mmoja ambaye sasa ni mtu mzima na humwita Vidole mama mdogo. Kilichomnyima Vidole usingizi ni kwamba waliachana bila ugomvi. Akiulizwa, Fundi alijibu kwamba ni mtu mzuri tu, akaendelea kula. Vidole alitwambia siku moja, huku akivuta nywele za mteja mpaka mwenye kichwa akatokwa machozi, kwamba mumewe angemsema vibaya japo kidogo, yeye angepumua.

Kisha Fundi akaanza kupumzika katikati ya ngazi. Alisema ni vumbi, mara ni uzee, mara ni rangi za siku hizi zina harufu kali. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema kuna sauti kwenye moyo haimpendezi, akaandika rufaa kwa daktari bingwa wa moyo.

Kadi ya bima ya serikali walikuwa nayo. Shida ilikuwa kumpata bingwa anayeipokea. Kwenye kliniki ya kwanza, yenye milango ya kioo, msichana wa mapokezi aliigeuza ile kadi upande huu na upande ule kama kitu kilichookotwa njiani, akasema wao wanapokea bima za makampuni tu. Kwenye ya pili waliambiwa daktari alikuwa anaipokea zamani, kisha akajitoa. Hospitali kubwa ilipokea, ila tarehe waliyopewa ilikuwa mbali mno, mpaka Vidole akamuuliza karani kama wanajua wanaongea na mgonjwa wa moyo au na mti. Kila asubuhi alifunga saluni, akaenda kuuliza pengine. Mteja mmoja alibaki na kichwa kilichosukwa upande mmoja mpaka jioni, akaenda nacho dukani hivyo hivyo.

Binti, kwa nia njema, akamwambia mama yake. Kesho yake yule wa kwanza akampigia Vidole. Alisalimia kwa adabu, akasema ameulizia kwa makarani wenzake, na amempata daktari bingwa, mwanamke, upande wa pili wa mji, anayepokea kadi ileile. Rufaa iwe na muhuri tu, na wamwambie mapema ili awaombee nafasi.

Vidole alishukuru kwa sauti kavu, akakata simu, akakaa. Yeye alikuwa ametembea mpaka kandambili zikakatika, na mwenzake amekaa kitini akapiga simu mbili tatu! Aliona kama ameporwa mume mchana kweupe, tena kwa wema. Hakumwambia Fundi. Alijiambia atampata daktari wake mwenyewe, kesho yake akaenda kuuliza kliniki nyingine mbili, akarudi mikono mitupu.

Siku ya pili yake Fundi alimbebea ndoo ya maji mpaka saluni. Alipoitua, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alishika ukuta, akacheka ili wateja wasiogope, lakini kicheko hakikufika mwisho. Vidole aliacha kitana.

"Daktari amepatikana," alisema. "Tangu juzi."

"Nani kampata?"

"Yule."

Fundi alivuta pumzi. "Umemshukuru?"

Hakuuliza kwa nini alifichwa. Vidole alisema baadaye kwamba heri angegombezwa.

Siku ya miadi Vidole alijisuka upya na kuvaa gauni la sherehe, kana kwamba mgonjwa ni yeye na ugonjwa ni uzuri. Yule wa kwanza alikuwa amefika kuwasubiri, kwa viatu vya kazini na mvi zisizofichwa. Hilo nalo lilimuudhi Vidole, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa vita na hapakuwa na adui.

Ndani, daktari alimpima Fundi, kisha akauliza kama ujanani aliwahi kuugua homa iliyovimbisha magoti. Fundi alikuna kichwa. Alikumbuka kulala kitandani sana, miaka ile, zaidi ya hapo hakujua. Daktari akamgeukia mkewe. Miaka hiyo haikuwa yake.

Vidole akainuka, akafungua mlango.

"Dada," aliita, "ingia. Wewe ndiye uliyemuuguza."

Yule wa kwanza alieleza kila kitu taratibu: magoti, homa, sindano za kila mwezi ambazo Fundi aliziacha mwenyewe kwa kuogopa sindano. Wakatazamana na Fundi wakacheka, na Vidole akahisi kile kicheko kimemchoma kifuani, palepale daktari alipokuwa amemsikiliza mumewe. Daktari alisema hayo ndiyo aliyohitaji. Valvu moja ya moyo, ule mlango wa kupitisha damu, ilikuwa imebana kwa sababu ya homa ile. Fundi angeanza dawa na zile sindano, kisha valvu ingepanuliwa, na bima ingegharamia.

Fundi alipopelekwa kwenye vipimo, wanawake wawili walibaki kwenye benchi. Vidole akauliza lililomkaa kooni miaka yote: waliachana kwa nini?

"Hakuwahi kunionea wivu," alisema yule wa kwanza. "Hata siku moja. Nikichelewa, nakuta amelala. Niliona kama tumepanga nyumba moja tu. Sasa binti ananiambia kwako hata viatu havui kabla hajauliza uko wapi. Siku nyingine nalikumbuka hilo, mpaka chakula kinaungua."

Vidole alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi. Alisogea kidogo, mwenzake aweke mkoba.

Valvu ilipanuliwa salama. Fundi alirudi kazini, kwa kuta za chini tu, ngazi akamwachia fundi mwenzake. Vidole ndiye aliyempeleka kwenye sindano, akimshika mkono kwa nguvu kama aliyekamata mwizi. Siku moja karani wa kliniki aliuliza namba za ndugu wa kupigiwa kukiwa na dharura. Vidole alitaja yake. Karani akaomba ya pili. Akaitaja ya yule wa kwanza, tarakimu baada ya tarakimu, bila kufungua simu.

Fundi aligeuka. "Kumbe unaijua kwa kichwa?"

"Vua shati," alisema Vidole, "nesi anasubiri."