Mapera ya mama yalivyotaka kuninyima kazi ya maabara Ifakara

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka ya hamsini, Ifakara. Nilichukuliwa kwa majaribio kwenye lab ndogo ya hospitali. Nikifaulu, naajiriwa. Nikishindwa, narudi Kiberege kulima mpunga na baba mdogo, na yule mtu alikuwa hasemi, anafoka.

Masika ile barabara ikakatika. Hamira ikaisha madukani, wagonjwa wakakosa mkate.

Daktari wa lab, mzungu mmoja, akasema hamira ya porini ipo kwenye maganda ya matunda, tutaitoa wenyewe. Kuleta matunda ikawa kazi yangu. Nyumbani kwetu, hapo hapo Ifakara, tulikuwa na mipera, nikamwomba mama awe ananichumia.

Kwa wasiojua: unamenya ganda, unalitia kwenye chupa ya maji ya sukari, unangoja povu. Kisha unachovya waya uliopitishwa motoni ukapoa, unachora juu ya kisahani chenye chakula cha hamira kilichoganda kama uji wa jana. Hamira ikiwepo, vinaota vidoa vyeupe.

Kwangu hakikuota kitu.

Nikarudia. Hakuna. Nikarudia tena, hakuna.

Asubuhi nafika mlango haujafunguliwa, nachungulia visahani dirishani, naondoka, narudi kuchungulia tena. Daktari ananiuliza, "Kijana, unachoma waya au unachoma hamira?" Nilikasirika, maana waya nilikuwa naungoja upoe kwanza, usije ukaiua hamira. Akasema wiki ikiisha hivi, atatafuta mtu mwingine.

Siku moja nikarudi nyumbani mchana. Mama yuko jikoni, sufuria inachemka, mapera yamo ndani. Anayatoa, anayasugua kwa sabuni, anayafuta kwa kanga safi, ndipo anayapanga kikapuni.

Nikaokota pera moja kikapuni, bado la moto.

"Mama, ndivyo unavyofanya siku zote?"

"Sasa baba, nimpelekee Bwana Daktari matunda machafu? Si nyinyi wa hospitali mnaotuhubiria homa ya matumbo?"

Nikamweleza kwamba hamira ni vijidudu hai, vinakaa kwenye ganda. Akaniangalia kama nimetukana. Kwetu Wapogoro mgeni hapewi tunda bila kuoshwa. Akakataa katakata kunipa yasiyooshwa.

Kesho yake nikachuma mwenyewe, na umande wake, na sisimizi wake. Mama akaniona natoka nayo hivyo hivyo. Shikamoo yangu hakuiitikia. Iliniuma sana.

Mapera yale yalitoa povu mpaka kizibo cha chupa kikaruka. Vidoa vikajaa. Kwenye darubini tukaiona hamira yenyewe, vijiyai vinachipua vijiyai vingine ubavuni. Tukajaribu kila aina kwenye unga. Moja ilinuka siki, nyingine haikufanya kitu, ya tatu ikaumua unga vizuri. Wagonjwa wakala mkate, mimi nikaajiriwa.

Furaha yenyewe sikuiona. Mama alikuwa hanisemeshi. Kwake, mwanawe amempelekea mgeni uchafu na jina la nyumba limeharibika. Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza Daktari kila kitu.

Jioni akaja nyumbani. Akamwamkia mama shikamoo, akakaa. Mama akamwekea mapera yaliyooshwa. Daktari akala moja, akachukua la pili, akasema:

"Mama, mapera yako nimeyapima mara nyingi. Sijaona hata kijidudu kimoja. Hospitali nzima sina kitu kisafi hivi."

Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia. Kisha akanigeukia: "Umesimama nini hapo? Mletee mgeni maji ya kunawa." Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu asubuhi ile.

Nilichojifunza: visahani vile vitupu kwangu vilikuwa kushindwa, kumbe vilikuwa vinamsifu mama, na mimi sikuwa na akili ya kumwambia. Aliyeona ni mgeni.

Mnaofanya kazi za lab, na wote mliowahi kukwamishwa na mtu anayewapenda, shusheni yenu hapa. Nasoma yote, ila polepole.