Mama Ameshika Kikombe cha Mzee Ombati

Wueh, leo Mama ameshika kikombe cha chai kwa jirani yetu, Mzee Ombati!

Tangu miaka ya sabini hajawahi. Wakati huo alimwona alfajiri akirusha mawe migombani, peke yake, akinong'ona. Mama akaamua ni mchawi, tukakatazwa kuonja chochote cha kwake.

Leo baada ya ibada ya Sabato ametukaribisha, nikamuuliza mwenyewe kuhusu yale mawe.

Akacheka. "Nilikuwa mrusha mkuki. Mashindano yakiisha, mkono usipozoezwa unalegea. Nilikuwa nahesabu mirusho tu."

Mama hajaridhika. "Na mbona hukurusha mchana kama watu?"

"Mchana wewe ulikuwa unanichungulia, Mama Kemunto."

Jamani!

Mama akachukua kikombe polepole.

Akakinusa.

Akanipa mimi nianze.