Mashine Iliyopokea Pole za Matanga

Mnisamehe kwanza tahajia na mwandiko wangu. Shule niliiacha baada ya darasa la sita, huko Uvira, Kongo, na mpaka leo naandika polepole. Nilipohamia Johannesburg kwa mjomba, binti yake aliniambia, kwa neno la huku la kumwita kaka, "Bhuti, unaandika kama mtu anayechambua maharage." Hakukosea.

Mjomba alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Fordsburg. Mimi nilikaa kwenye meza ndogo mlangoni mwa duka lake nikitengeneza simu. Kazi ilinifaa, kwa kuwa wateja waliniachia simu wakaenda zao, hatukulazimika kuzungumza. Mjomba alinipa kompyuta kuukuu, nami nikajifunza programu kwa kunakili za watu wengine na kubadili neno moja, nione kitaharibika nini.

Ndipo bibi, mama yake mjomba, akafariki Uvira. Karatasi za mjomba hazikumruhusu kutoka na kurudi, kwa hiyo tulifanya matanga sebuleni kwetu, Jumamosi mchana, tukayarusha mtandaoni ili ndugu walio mbali wakae nasi. Kwetu pole haiachwi hewani. Anayekupa pole lazima apokelewe, la sivyo atasema alifika mlangoni asifunguliwe. Mjomba angekuwa kwenye mkeka, hangeweza kushika simu.

"Utawajibu wewe," aliniambia. "Na yaya akiingia, uje uniambie."

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Kaka huyo wa mjomba alibaki Uvira. Mjomba aliondoka bila kumuaga, baba yao alipokufa hakurudi, na tangu hapo hawakusemezana. Mjomba hakutaja hayo. Alisema tu uje uniambie, akarudi kwenye cherehani yake.

Kwa vidole vyangu, pole nyingi zingepita kabla sijamaliza kujibu moja. Nikatafuta maktaba. Watu wa programu huita hivyo fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambalo unaliazima tu. Niliyoipata ilikesha ikiangalia ujumbe ambao watu huandika chini ya matangazo ya moja kwa moja. Ujumbe ukifika, inaishtua sehemu niliyoiandika mimi. Niliandika hivi: ujumbe ukiwa na neno pole, jibu, "Asante kwa pole yako, tumeipokea. Mungu akulinde." Akaunti ilikuwa ya mjomba, kwa hiyo majibu yalitoka kwa jina lake.

Ijumaa nilijaribu. Programu ikalisoma jibu lake yenyewe, ikaona neno pole, ikajishukuru, ikasoma tena, ikajishukuru tena, mpaka kioo kikajaa.

"Eish, baba anajifariji," alisema binti wa mjomba.

Niliongeza mstari wa kuiambia iache ujumbe wa akaunti ya mjomba. Jumamosi ilifanya kazi vizuri. Pole zilitoka Bujumbura, Kigoma, Lubumbashi, na kila mmoja alipokelewa papo hapo. Nilikaa jikoni na kompyuta, nikiangalia majibu yakienda, na nadhani nilianza kuyaangalia majibu kuliko majina.

Kisha nikaona jina la kaka yake. Alikuwa ameandika: "Pole mdogo wangu. Mama nimemzika peke yangu, kama baba." Chini yake, kabla sijamaliza kusoma: "Asante kwa pole yako, tumeipokea. Mungu akulinde."

Akaandika tena: "Unanishukuru kama mgeni?"

Ilibidi nipite katikati ya watu, mbele ya kamera. Nilipita nimeinama. Nilimnong'oneza mjomba, naye akasimama. Mfiwa haondoki mkekani watu wakiwa bado wanaingia, na akina mama waliokuwa wakiimba walinyamaza. Alikuja jikoni akasoma.

"Nani alijibu hivi?"

"Programu, mjomba."

"Kwa jina langu?"

"Ndiyo."

"Zima."

Nilizima. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole kuliko mimi: "Yaya, ile ilikuwa mashine. Sasa ni mimi."

"Mashine, kwenye matanga ya mama?"

"Mutoto wa dada yetu ameitengeneza. Anaona haya kusema na watu."

Pole za wengine zilipita bila kujibiwa. Halafu yaya akaandika: "Sitaki kuona mkeka. Nataka kukuona wewe."

Mjomba alirudi sebuleni, akaigeuza kamera imtazame usoni. Alisema, watu wote wakisikia, "Nisamehe, yaya. Sikuwepo kwa baba, na leo sipo kwa mama."

Nilikuwa peke yangu mbele ya kompyuta jibu lilipofika, ikabidi nilisome kwa sauti kutoka mlangoni. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi vile. "Anasema umekonda. Anasema ule."

Mama mmoja akacheka, kisha akaanza kulia.

Waliokosa kupokelewa siku ile mjomba aliwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja, huku akishona. Sasa anazungumza na kaka yake kila Jumapili, mara nyingi kuhusu paa la nyumba ya Uvira. Programu ninayo bado, lakini nimeipunguza: pole ikifika inapiga kengele tu, na mtu anakuja kujibu.

Sijui kama ndivyo inavyofaa. Ninyi mlio mbali na makwenu, mnapokeaje pole wafiwa wakiwa nchi tofauti? Niandikieni, hata kwa kifupi, mniambie mnavyofanya.